Mabao ya dakika za lala salama: tunawatukana mabeki wa Taifa Stars, mzigo unatoka mbele

#1 Namba5_Mstaafu

Wakuu, salaam.

Nimekaa na jambo hili moyoni tangu usiku wa Ijumaa ile, tarehe 22 Agosti 2025, Morocco walipotutoa robo fainali ya CHAN, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, pale kwa Mkapa. Nilikuwa jukwaa la mzunguko. Bao la Lamlioui lilipoingia dakika ya 65, jamaa aliyekuwa nyuma yangu alisimama juu ya kiti akaanza kuwataja mabeki wetu mmoja mmoja kwa majina na kuwatukana. Pembeni yake alikuwepo mtoto wa miaka kama 8 hivi, amevaa jezi ya Stars, akawa anayarudia yale majina pamoja na yale matusi. Nikageuka nikamwambia, kaka, hao unaowatukana ndio waliotufikisha hapa. Akanijibu: "Kwani kazi yao si kukaba?"

Uzi huu ni jibu langu kwake, maana pale kelele zilikuwa nyingi.

Ndiyo, kazi yao ni kukaba. Lakini beki hapangi atakaba mara ngapi. Hilo linapangwa na watu wa mbele: wakiushika mpira beki anapumua, wakiupoteza anarudi kazini kabla jasho halijakauka. Safari yote ya CHAN mabeki wetu waliruhusu mabao 2 tu kwenye mechi 5. Mawili! Na tukumbuke nani alikuwa anafunga. Tulipowapiga Burkina Faso 2-0, bao moja lilikuwa penalti ya Sopu, la pili kafunga Mohamed Hussein "Tshabalala", beki wa kushoto. Mauritania tukawafunga 1-0 dakika ya 89, mfungaji Kapombe, beki wa kulia. Yaani mechi mbili za mwanzo hakuna aliyefunga bao la mpira unaotembea isipokuwa mabeki wa pembeni. Mtu huyo huyo anatakiwa apande hadi kibendera cha kona, afunge, kisha arudi mita 70 kumwahi winga wa watu. Halafu dakika ya 65 ya robo fainali tunamuuliza mbona umechelewa.

Sasa twende AFCON ya 2023 kule Ivory Coast, Januari 2024. Hapa naomba mtazame dakika, si matokeo tu. Mechi ya kwanza San-Pédro tulifungwa 3-0 na Morocco. Bao la kwanza dakika ya 30, Saïss. Tukabaki tumeshikilia 1-0 muda mrefu. Dakika ya 70 Novatus akapata njano ya pili, akatoka. Dakika ya 77 Ounahi, dakika ya 80 En-Nesyri. Mechi ya pili na Zambia: Samatta akampasia Msuva, dakika ya 11 tukaongoza. Kabla ya mapumziko Zambia wakabaki 10. Dakika ya 88 Daka akaruka na kichwa, 1-1. Mechi ya tatu Korhogo, 0-0 na DR Congo, tukarudi nyumbani.

Mechi 3, tumefunga 1, tumefungwa 4. Katika hizo 4, bao 3 zimeingia baada ya dakika ya 75.

Oktoba mwaka huo huo wa 2024, kufuzu AFCON nyingine, tunacheza na Congo hao hao. Kinshasa tukafungwa 1-0, na aliyejifunga ni Mzize. Mshambuliaji! Yuko ndani ya boksi letu anasaidia kukaba kwa sababu mpira ulikuwa huko. Marudiano hapa Dar, 0-0 hadi zimebaki dakika chache, Meschack Elia akafunga mawili ya haraka haraka mpira ukaisha.

Usingizi haumshiki beki dakika ya 87 ya kila mechi. Hiyo ni miguu imekwisha.

#2 Mtoto_wa_Keko

Mkuu umegonga msumari wenyewe. Ile siku ya Zambia nilikuwa kibanda umiza, saa 2 usiku, tumebanana hadi mlangoni. Kipindi chote cha pili nilikuwa nasubiri la pili, la pili, halikuja. Daka aliporuka, kibanda kizima kikamgeukia beki. Hakuna aliyekumbuka kwamba tulikuwa 11 dhidi ya 10 kwa dakika 45 na mpira bado ulikuwa unachezewa kwetu.

#3 Jicho_Kali

Mleta uzi naheshimu hoja yako ila unawabeba sana mabeki. Nikukumbushe AFCON ya Cairo, tarehe 27 Juni 2019, tunacheza na Kenya. Msuva kafunga dakika ya 6. Olunga kasawazisha, dakika haijapita Samatta karudisha uongozi. Washambuliaji wamefanya nini tena zaidi ya hapo? Wametupa uongozi mara mbili kwenye mechi moja! Mwisho wa siku 3-2 tumelala. Siku ile mzigo ulitoka wapi?

Na lile bao la Daka ni kona, mkuu. Kona ni kushika mtu wako. Hakuna uchovu hapo, ni umakini.

#4 Namba5_Mstaafu

Jicho_Kali, Cairo sina utetezi. Siku ile mbele walifanya kazi yao na nyuma tulivuja, bao la Omolo na la pili la Olunga hayakupaswa kuingia. Sitamtetea beki kwa kosa lake. Ninachokataa ni kumbebesha beki kosa la watu sita walio mbele yake.

Kuhusu kona ngoja nikueleze kwa mwili wangu mwenyewe, maana hili watu wengi hawalijui kama hawajasimama pale.

Nimecheza namba 5, beki wa kati, ligi ya mkoa misimu minne. Msimu wa tatu namba 9 wetu, straika, aliumia goti. Alikuwa mzito, hana mbio, watu walikuwa wanamzomea, lakini ukimpigia mpira anampa beki mgongo, anaushika, anasubiri sisi tupande. Wakamleta kijana mwingine ana mbio za ajabu. Tatizo akipewa mpira akiwa amelipa lango mgongo, mpira unamtoka hapo hapo. Tulikuwa hatujui tumepoteza nini.

Mechi moja ya jioni, uwanja wa vumbi, tunaongoza 1-0. Kuanzia kama dakika ya 60 nikaanza kuhesabu. Nabutua, mpira unakwenda mbele, nahesabu kichwani: moja, mbili, tatu, nne. Umerudi. Nabutua tena. Moja, mbili, tatu. Umerudi. Kuna wakati sikupata nafasi hata ya kufuta vumbi machoni. Mwenzangu namba 4 akaniambia "panda", nikamwambia nipande niende wapi, mpira huu hapa unarudi.

Dakika za mwisho wakapata kona. Mtu wangu nilikuwa nimemshika, nilikuwa nimemshika jezi kabisa. Mpira ukapigwa, nikauona vizuri, nikajua unaangukia wapi, nikataka kuruka. Msuli wa nyuma ya mguu wa kushoto ukakaza kama kamba. Niliruka nusu. Yeye akaruka yote.

Chini ya mwembe pale tulipokuwa tunabadilishia nguo, kocha alinisema mbele ya wenzangu wote kwamba sina umakini. Neno hilo hilo lako, Jicho_Kali. Kijana wa namba 9 alikuwa amekaa pembeni anafungua viatu, hakuulizwa kitu. Na mimi sikusema kitu, nilikuwa naamini kweli ni kosa langu. Nilikaa na lile bao miaka.

Umakini ni kitu cha mwili, ndugu yangu. Ukiwa umekimbia kuelekea lango lako mara 30, ile mara ya 31 macho yanaona ila mguu unachelewa. Na kona yenyewe haitoki mbinguni, kuna mtu alipoteza mpira mbele huko, ukaletwa, beki akautoa nje kwa sababu hakuwa na pa kuupeleka. Kona inapigwa mwisho wa hadithi. Sisi tunaanzia kuihesabia hapo.

#5 Jicho_Kali

Nimekusoma mkuu. Kwa hilo la mwembeni pole sana.

Bado nasema kushika mtu wako kwenye kona ni lazima, lakini nimekuelewa.

#6 Mwana_Kasarani

Habari zenu watani, mimi nawasoma kutoka Nairobi. Naomba niulize kwa nia njema. Kwa CHAN hii hii tulicheza na Morocco pale Kasarani, tarehe 10 Agosti. Ryan Ogam akafunga dakika ya 42, kisha Erambo akala nyekundu kabla ya mapumziko. Tukacheza kipindi chote cha pili tukiwa 10, na hao ndio Morocco waliobeba kombe. Tukamaliza 1-0. Mabeki wetu walikuwa wamechoka hadi wanashika magoti, lakini hawakuruhusu. Kwa hivyo je, kuchoka peke yake ni sababu?

#7 Namba5_Mstaafu

Mtani, swali zuri na hongereni, ile mechi niliitazama yote nikiwa nimesimama. Beki anaweza kubeba mzigo kama ule siku moja. Wanaume hubeba. Shida ni pale ambapo kila mechi ni ile. Stars haijafanya hivyo siku moja, imefanya hivyo miaka. Kufuzu AFCON 2023 tulicheza mechi 6, tukafunga mabao 3. Bao 1 la Mpole dhidi ya Niger dakika ya kwanza tu ya mchezo, na mawili ya Msuva. Basi. Pointi 8 zikatosha kwa sababu ya watu wa nyuma, na tiketi yenyewe ilipatikana kule Annaba tarehe 7 Septemba 2023, Algeria 0, Tanzania 0. Wale mabeki walituvusha kwa magoti yao. Kufuzu AFCON 2025 mechi 6 mabao 5, na tumefuzu tena. Mechi 12, mabao 8, safari mbili za AFCON.

Tumeushangilia huo kama muujiza na ni haki yetu. Ila kwenye mashindano yenyewe unakutana na wakubwa watatu ndani ya siku 10, hakuna wiki za kupumzisha misuli kati ya mechi na mechi.

#8 Mwana_Kasarani

Hapo sawa. Sisi nasi tulimaliza makundi vizuri halafu robo fainali Madagascar wakasawazisha kwa penalti dakika ya 69, wakatutoa kwa matuta. Mechi tano za kushikilia zina bei yake.

#9 Binti_wa_Ngamiani

Wakuu ngoja niulize kitu kinachoniumiza. Kwa nini nyuma tuna watu na mbele hatuna? Si bahati mbaya. Tazameni mabeki wa Yanga na Simba kwa miaka hii: Bacca, Job, Mwamnyeto, Kapombe, Tshabalala. Wazawa. Wanacheza Ligi ya Mabingwa Afrika, wanakaba washambuliaji wakubwa wa Misri, Algeria na Afrika Kusini. Wamekomaa kwa moto.

Sasa tazameni nani anafunga kwenye ligi yetu. Msimu wa 2021/22 mfungaji bora alikuwa George Mpole wa Geita Gold, mabao 17, mzawa. Baada yake? 2022/23 Mayele wa Congo na Ntibazonkiza wa Burundi, 17 kila mmoja. 2023/24 Aziz Ki wa Burkina Faso, 21. 2024/25 Ahoua wa Ivory Coast, 16. Mimi ni Yanga damu, nilimshangilia Mayele hadi sauti ikanikauka, sisemi wageni waondoke. Lakini namba 9 ya timu kubwa ndiyo nafasi ya kwanza kutafutiwa mtu kutoka nje. Kijana wetu anaingia dakika ya 80 tukiwa tunaongoza 3-0. Atajifunzia wapi kuushika mpira dakika ya 85 wakati beki wa nyuma yake anatweta?

Mzawa aliyekaribia ni Fei Toto, 2023/24 akiwa Azam akafunga 19, na yeye ni kiungo.

#10 Msomi_wa_Mpira

Dada umemaliza. Niongeze Mzize. Msimu wa 2024/25 kafunga 14 kwa sababu Yanga walimpa dakika. CHAN akaja kufunga yale mawili dhidi ya Madagascar. Mpe mtu dakika atakupa kitu.

#11 Mzee_wa_RTD

Vijana, shikamooni hazihitajiki huku, nasoma tu. Mwaka 1980 nilikuwa kijana, tulikuwa tunasikiliza Redio Tanzania mashindano ya AFCON ya Lagos. Tulifungwa na Nigeria 3-1, na Misri 2-1, tukatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Mabao 6 tumefungwa. Lakini kila mechi tulifunga. Juma Mkambi lile la Nigeria, Thuwein Ally haya mengine mawili. Sikumbuki mtu yeyote mtaani kwetu aliyewatukana mabeki. Tulikuwa tunajua mpira ukipigwa mbele kuna mtu.

Hii ya 2024 tumefungwa 4, pungufu ya zile, na matusi ni mengi zaidi. Namba5_Mstaafu, asante kwa kuliandika.

#12 Namba5_Mstaafu

Shikamoo mzee wangu. Umenipa kitu sikuwa nimekifikiria, kwamba 1980 tulifungwa zaidi na tukalaumu kidogo.

Binti_wa_Ngamiani, hapo kwenye dakika ya 80 ndipo penyewe. Namba 9 wa kufunga tu si anayetusaidia. Nataka anayeweza kukaa na mpira. Samatta alikuwa akiifanya kazi hiyo hata siku ambazo hafungi. Anashuka, anapokea, anachezewa faulo. Faulo moja ya mbele ni zawadi kwa beki, mnajua? Refa anapuliza, watu wanabishana, mpira unapangwa, beki wanne wanatembea, hawakimbii, wanatembea hadi mstari wa katikati. Nusu dakika. Kipa anakunywa maji. Namba 6 anarudi mahali pake mbele ya mabeki. Timu nzima inakuwa fupi tena, mita 30 kutoka beki hadi straika. Bila hiyo timu inakatika vipande viwili: wanne wako kwenye boksi letu, watatu wako kwao, katikati pamebaki shamba la watu kujipitia.

Lakini Samatta alizaliwa Desemba 1992, Desemba hii ya 2025 anatimiza 33. Msuva naye yuko hapo hapo. Miaka zaidi ya kumi ni wao wawili tu, na tumezoea kana kwamba watakuwepo siku zote.

#13 Jicho_Kali

Sasa mkuu tufanye nini? Desemba hii ya 2025 tunakwenda AFCON Morocco, kundi lina Nigeria, Tunisia na Uganda. Straika hapatikani kwa miezi minne.

#14 Namba5_Mstaafu

Kweli hapatikani. Kwa muda huu mimi ningefanya mambo mawili ya kawaida tu.

Kwanza mabeki wa pembeni wasipande wote wawili. Mmoja akipanda mwingine abaki, hata kama mashabiki tunapiga kelele kwamba hatushambulii. Kapombe na Tshabalala wametufungia, nawashukuru, ila wakipanda pamoja tukapoteza mpira wanabaki mabeki wawili wa kati na uwanja mzima.

Pili, kubadilisha washambuliaji mapema. Sisi tunasubiri dakika ya 75 au tunasubiri tufungwe. Kama namba 9 hashiki mpira dakika ya 55, mtoe dakika ya 55. Tunawabadilisha wa mbele tukitafuta bao, hatufikirii kwamba mtu mpya mwenye nguvu pale mbele ni pumzi ya Bacca na Job. Akimkimbiza beki wao tu akapiga mpira nje, tayari kawasaidia wenzake wa nyuma.

Dhidi ya Nigeria tutabanwa sana, hilo halikwepeki. Naogopa zaidi mechi ya Uganda. Hiyo tunaweza kuongoza. Na tukiongoza ndipo ninapoanza kuangalia saa.

#15 Kijana_Buza

Kaka Namba5, sijawahi kuchangia ila hii stori ya mwembe imenigusa. Mdogo wangu ana miaka 17, anacheza namba 5 timu ya mtaa. Jumapili iliyopita walifungwa bao mbili za mwishoni, amerudi nyumbani hajala, anasema ataacha kucheza beki. Mama anamuuliza nini, hajibu. Nimemsomea post yako ya 4 jana usiku, kanyamaza, halafu akaniuliza: "Huyo bro bado anacheza?"

#16 Namba5_Mstaafu

Mdogo wangu umenifanya niweke simu chini kwanza.

Mwambie sichezi tena, goti, lakini mazoezini naenda. Mwambie na hivi: mechi ijayo kabla ya kuanza amfuate namba 9 wao, asimfokee, amwambie tu "nikiupiga kwako kaa nao hadi nifike mstari wa katikati." Mimi sikuwahi kumwambia yule kijana. Alikuwa mwaka wake wa kwanza na hakuna aliyemweleza kwamba sisi nyuma tunakufa.

Na akibutua asibutue katikati, apige pembeni kule kwenye mstari. Ukitoka nje ni mrusho, watapata sekunde kumi za kujipanga.

Wanacheza lini tena? Nipo Temeke, Buza si mbali. Nitumie uwanja na saa, nije nimwone.

#17 Kijana_Buza

Jumapili saa 10 jioni kaka. Nakutumia ujumbe wa ndani sasa hivi. Ameshaanza kutafuta soksi zake.